Nilivyojimaliza ndani ya dakika nne: mbio za kwanza za mwaka, Mabira

Filimbi ilipulizwa saa tatu na robo asubuhi. Kufikia saa tatu na dakika kumi na tisa nilikuwa nimeshajimaliza, ila mwili ulichelewa kunipa habari. Ulinipa kwenye mzunguko wa pili, katika mwinuko wa mizizi, pale niliposhuka na kuanza kuisukuma baiskeli huku nikijifanya naikagua cheni.

Zilikuwa mbio za kufungua msimu, mwanzoni mwa Machi, ndani ya msitu wa Mabira, Uganda, kati ya Kampala na Jinja: mizunguko minne ya kilomita 6 hivi, watu 44 kwenye mstari. Nimeshiriki mbio za baiskeli za milimani kwa miaka saba sasa, na sijawahi kuitwa jukwaani hata siku moja. Kwa hiyo usitafute hapa siri za mabingwa. Ninazo habari za makosa ya mtu wa kawaida, mwenye kazi ya kuajiriwa, watoto wawili na baiskeli ya mtumba, ambaye kila Machi hurudi Jinja na tope masikioni akiapa kwamba mwakani atakuwa na akili.

Kwa aliyezoea mbio za barabarani, hizi ni kitu kingine. Barabarani unajibanza nyuma ya mgongo wa mwenzako, yeye anakata upepo, wewe unapumzika. Msituni hakuna pa kujibanza. Mnaanza wote kwa pamoja, mnazunguka njia ileile ya miinuko, miteremko, mawe na mizizi, na sehemu kubwa yake ni vinjia ambavyo mmoja akipita, wa pili hana pa kupitia. Mabingwa hukimbia kwa karibu saa moja na nusu, hata kwenye Olimpiki, ambako mchezo huu uliingizwa Atlanta mwaka 1996. Sisi wa chini tunapunguziwa mizunguko, na bado tunatumia muda uleule.

Mlango mmoja, watu 44

Sehemu ya kuanzia ilikuwa mita kama 400 za barabara pana ya moramu. Baada ya hapo njia inakata kulia na kuingia mitini kupitia upenyo wenye upana wa mlango wa nyumba, na hapohapo mlima wa kwanza unaanza. Mwenye kuingia mapema anapanda kwa mwendo wake. Mwenye kuingia mwisho anakuta watu wameshuka, wamesimama, wanagombania upenyo kama abiria wa stendi ya taksi (yaani daladala) Kampala saa kumi na mbili jioni.

Ndiyo maana kila mtu anaondoka kama amefukuzwa na nyuki. Sitakuambia kwamba ni upumbavu, kwa sababu si upumbavu. Nafasi yako kwenye mlango ule ina thamani. Swali ni unainunua kwa bei gani.

Mimi niliinunua kwa bei ya mtu mwenye haraka dukani. Nilisimama juu ya pedeli tangu filimbi mpaka mlangoni, nikaingia nikiwa wa tisa. Wa tisa! Sijawahi kuwa wa tisa mahali popote. Mlima wa kwanza nikaupanda nikifuata gurudumu la kijana ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wangu, na nilipofika juu nikahisi ladha ya chuma mdomoni. Ukiisikia ladha hiyo mwezi wa Machi, jua umeshachelewa.

Baba yangu aliendesha boda boda Busia enzi ambazo boda boda ilikuwa baiskeli. Jina lenyewe lilizaliwa pale mpakani mwa Uganda na Kenya: msafiri anashushwa na gari upande mmoja, kuna mwendo wa kutembea kabla ya kufika upande wa pili, na vijana wenye baiskeli wanamwita, "Boda! Boda!" Baiskeli nyeusi ya chuma, isiyo na gia hata moja, nyuma kiti cha sponji, juu yake mtu mzima na gunia lake. Nilipomweleza mwaka ule wa kwanza kwamba nimejiandikisha mashindanoni, hakuniuliza lolote kuhusu baiskeli. Alisema tu, "Mwanangu, usimalize pumzi mlima wa kwanza. Abiria bado yuko nyuma."

Nilicheka. Nina gia 11, abiria wa nini?

Miaka saba baadaye naanza kumwelewa. Mwili una kasi ambayo unaweza kuihimili kwa muda mrefu, na juu ya kasi hiyo una akiba ndogo. Kila unapovuka mpaka unakula akiba, na akiba hairudi mpaka upunguze. Mwanariadha aliyekwisha kukimbia mbio sita mwaka huu anajua mpaka wake uko wapi bila kutazama saa. Lakini mwanzo wa msimu hujui. Umekaa miezi mitatu bila kushindana, Desemba umekula kwa shangazi na kwa wakwe, Januari na Februari umeendesha safari ndefu za taratibu kwenye vumbi la vinjia vya miwa upande wa Kakira, na unajiona uko imara kwa sababu unaweza kukaa juu ya tandiko saa nne. Uimara huo ni wa kweli. Ila ni uimara wa lori, na mbio zinaanza kama pikipiki.

Tazama hesabu yangu. Mzunguko wa kwanza dakika 20. Wa pili 25. Wa tatu 30, ingawa sita kati ya hizo nitazieleza baadaye kwa uchungu. Wa nne 24. Jumla saa 1 na dakika 39, nafasi ya 31. Kwenye foleni ya mlangoni ningepoteza nusu dakika, labda dakika nzima. Kwenye mzunguko wa pili peke yake nilipoteza dakika tano.

Dada aliyefunga mdomo

Pale nilipokuwa nasukuma na kukagua cheni isiyo na tatizo, nilisikia mtu anapanda nyuma yangu. Sikusikia kuhema. Nilisikia tairi tu likikwaruza mizizi, na sauti ikisema, "Nakuja kulia, kaka. Pole pole, usihangaike." Akapita ameketi, gia nyepesi, miguu inazunguka haraka haraka kama cherehani. Ni muuguzi, ana umri wa kunizidi kidogo, amekulia kambi ya jeshi, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha wengi wetu. Mlangoni alikuwa ameingia karibu na mkia.

Baada ya mbio nilimfuata pale Najjembe, penye mabanda ya kuku wa vijiti na gonja (ndizi za kuchoma), nikamuuliza amefanyaje.

"Mzunguko wa kwanza nilifunga mdomo," akasema.

Nikadhani ananitania. Kumbe ni kanuni yake ya kila Machi: mpaka amalize mlima wa kwanza anapumua kwa pua tu. Pua ikishindwa kuleta hewa ya kutosha, anashusha gia. Hana mita ya mapigo ya moyo, hana kifaa cha kupima nguvu kwenye pedeli. Ana pua. Mizunguko yake ilikuwa dakika 22, 22, 22 na 22 na nusu. Alinipita kwa zaidi ya dakika kumi, akiwa hajatokwa hata na ile povu nyeupe ya pembeni mwa midomo.

Nimeijaribu mazoezini tangu siku ile. Kwa pua peke yake sifiki mbali, mlima ukiwa mkali ninafungua mdomo katikati. Lakini hata kwa kiasi hicho inafanya kazi, kwa sababu inakulazimisha kujisikiliza katika zile dakika ambazo masikio yako yamejaa kelele za watu. Na ukiweza, jipange safu ya kati, siyo mbele wala mkiani, upande ambao kona ya kwanza inaelekea. Kona ya Mabira ilikuwa ya kulia. Waliosimama kulia waliingia bila kufunga breki, sisi wa kushoto tulizungushwa nje.

Wiki sita kabla

Sina maneno mengi hapa, maana mazoezi yanajulikana, tatizo ni kuyafanya. Safari ndefu iendelee mara moja kwa wiki, saa mbili hadi tatu. Ongeza siku moja ya mlima: panda kwa nguvu dakika nne, shuka taratibu dakika nne, rudia mara nne. Ongeza siku nyingine ya kuigiza mwanzo, na hii ndiyo wengi wanairuka. Simama, mguu mmoja chini, ondoka kwa kasi sekunde 30, halafu *usipumzike*. Endelea dakika tatu kwa mwendo wa mbio. Mara tano au sita zinatosha. Kuondoka kwa kasi kila mtu anaweza. Kinachotaka kufundishwa ni kurudi kwenye mwendo wako bila kusimama, ukiwa umeshaungua.

Wiki ya mwisho punguza muda nusu, lakini usiache kabisa ile kasi. Aliyelala wiki nzima akiokota nguvu huamka Jumapili na miguu ya mbao.

Jumamosi kavu, Jumapili majimaji

Nenda ukaione njia. Hili halina mjadala. Nilitoka Jinja Jumamosi asubuhi, baiskeli imefunguliwa gurudumu la mbele na kulazwa kwenye kiti cha nyuma cha taksi. Kondakta alinitoza viti viwili, nikamwambia hii baiskeli haina makalio, akanijibu hata gunia la mahindi halina na huwa linalipa. Nikalipa.

Nilizunguka njia mara mbili taratibu, nikishuka kila penye utata. Msitu ulikuwa mkavu, majani yanavunjika chini ya tairi. Mabira ina kilomita za mraba zaidi ya 300, na ukisimama ndani, barabara kuu ya Kampala ikapotea masikioni, unaelewa kwa nini watu waliingia barabarani mwaka 2007 kuupinga mpango wa kukata sehemu yake ipandwe miwa. Kila mzizi niliukariri. Hapa pita kushoto, hapa ruka, hapa achia breki. Nikalala kwa rafiki nikiwa na ramani nzima kichwani.

Usiku mvua ikanyesha.

Mwanzo wa Machi ndiyo hivyo, masika yanakaribia na hayatumi barua. Asubuhi mizizi yote niliyoikariri ilikuwa imepakwa sabuni. Ile mistari mizuri ya kushoto, laini, isiyo na mawe, ilikuwa mifereji ya tope jekundu, na kule kulia kwenye mawe, ambako nilikuwa nimepadharau, ndiko tairi lilikoshika. Siku hizi ninapokagua njia mapema msimu, kila sehemu naichagulia mistari miwili: wa kavu na wa mvua. Najiuliza maji yataelekea wapi. Maji yanapita palepale tunapopenda kupita sisi.

Kuhusu mzizi uliolowa, kuna mambo matatu tu, na nilijifunza yote kwa goti. Ukabili kwa pembe mraba, usiukate kwa mshazari. Breki zifanye kazi kabla yake, juu yake vidole viache. Na usigeuze usukani mpaka magurudumu yote mawili yavuke. Kwenye mteremko wa mzunguko wa kwanza, nikiwa bado nalinda unono wangu wa nafasi ya tisa, nilifunga breki ya mbele nikiwa juu ya mzizi wa unene wa mkono. Gurudumu halikuteleza polepole kama kwenye hadithi. Liliondoka. Nilikuwa juu ya baiskeli, kisha nikawa ninatazama mishipa ya chini ya jani kubwa, karibu kabisa na jicho, na konokono mmoja anayeendelea na shughuli zake. Mtu akaruka mguu wangu na kusema "Pole mzee." Nina miaka 38.

Baiskeli iliyolala tangu Desemba

Hapa ndipo mbio za mapema zinapotofautiana na nyingine zote. Katikati ya msimu baiskeli yako inakaguliwa kila wiki kwa sababu kila wiki inavunjika. Mwanzo wa msimu imetegemea ukuta, inang'aa, na wewe unaamini king'aacho.

Anza na tairi. Ukiwa unatumia tyubulesi (tairi lisilo na tyubu ndani), ile gundi ya maji inayowekwa ndani hukauka. Hudumu miezi miwili hadi sita, na kwenye joto letu ihesabu karibu na miwili. Yangu niliiweka Novemba. Ukitikisa gurudumu karibu na sikio usisikie kitu kikichezacheza ndani, hakuna kitu. Mimi sikutikisa.

Upepo nao. Nina kilo 72, na tairi za inchi 29 zenye upana wa inchi 2.2. Pakavu najaza kama psi 22 mbele na 24 nyuma, na kwenye tope na mizizi nashusha mbili au tatu. Mwenye tyubu asinifuate, atapata yale matundu mawili ya pancha yaliyopangana kama meno ya nyoka, abaki kwenye 28 au 30. Muhimu zaidi ni kupima kwa kipimo chako kilekile kila siku, kwa sababu pampu ya kituo cha mafuta imetengenezwa kwa magari na haijali psi mbili zako. Jumapili ile sikushusha chochote. Nilikuwa na haraka ya kupata kahawa.

Breki: toa pedi, zitazame. Ikibaki chini ya milimita moja juu ya bati, tupa. Tope letu lenye mchanga hula pedi laini kama msasa, nimewahi kuanza mbio nikiwa na pedi nusu na kumaliza chuma kikisaga chuma. Zile ngumu zenye chembe za chuma hupiga kelele zaidi lakini hudumu mvuani. Zozote utakazoweka, usizifunge usiku wa kuamkia mbio. Pedi mpya inataka kuzoeshwa: endesha kasi kiasi, funga breki taratibu mpaka karibu usimame bila kugandisha gurudumu, rudia mara 15 au 20.

Cheni ipime kwa rula ya kawaida, huna haja ya kifaa cha fundi. Kuanzia katikati ya pini ya kwanza mpaka katikati ya pini ya 25, cheni mpya ina milimita 305 kasoro kidogo. Ikigonga 306 na nusu, badilisha kabla haijala meno ya gia, maana meno ni ghali kuliko cheni, na kwa sisi tunaosubiri vipuri vitoke Kampala ni ghali mara mbili. Mwisho, mpe fundi akanyooshe kile kipande chembamba cha alumini kinachoshikilia kibadilishio cha gia cha nyuma. Kwenye taksi, baiskeli ikilaliwa na mzigo upande ule, kinapinda kidogo tu, hukioni kwa macho, na gia zinaanza kuruka mlimani. Ilaze upande wa pili.

Siafu

Mzunguko wa tatu, kama kilomita ya nne, nilihisi nyuma panalegea. Mwiba. Tundu dogo ambalo gundi ingeliziba kwa sekunde chache, kabla hata sijajua. Nilichomoa tairi nikakuta gundi imegeuka utando mkavu, kama ngozi ya juu ya maziwa yaliyopoa. Sawa, tyubu ya akiba ninayo, pampu ndogo ninayo. Nikapiga magoti pembeni mwa njia, nikapachika tyubu, nikaanza kupuliza.

Kama ulisoma kwa makini unajua nilipopiga magoti.

Mwanzo ilikuwa moja, kwenye soksi. Nikaipuuza. Halafu nikahisi moto ndani ya kaptula, mahali ambapo kaptula ya mwendesha baiskeli imebana kiasi kwamba siafu akishaingia hana njia ya kutokea na wewe huna njia ya kumfuata. Niliruka. Niliendelea kupuliza pampu nikirukaruka, kama mtu anayecheza ngoma ya harusi peke yake msituni. Watu saba walinipita. Wawili walisema pole, mmoja alicheka mpaka akakosea kona.

Mwingereza Tom Pidcock alipata pancha kwenye Olimpiki ya Paris 2024, akarudi nyuma sana, na bado akachukua dhahabu. Hadithi hiyo hutusisimua sote, lakini Pidcock alikuwa na fundi na gurudumu jingine kwenye eneo lake la huduma. Wewe una siafu. Kwa hiyo beba tyubu, beba pampu au kichupa cha gesi, beba vijiti viwili vya kutolea tairi na kiungo cha haraka cha cheni, na nyumbani fanya zoezi la kubadilisha tyubu mpaka umalize chini ya dakika nne. Ukifika msituni tazama chini kwanza kabla ya kupiga magoti.

Nilivuka mstari kuanza mzunguko wa nne na kusikia shangwe kubwa. Nikainua mkono kidogo, kwa unyenyekevu. Walikuwa wanamshangilia mshindi, aliyekuwa dakika moja nyuma yangu na anamaliza.

Jambo la adabu, kwa kuwa limefika hapo: ukisikia "Kulia!" au "Kushoto!" nyuma yako, mtu anataka kupita upande huo. Usigeuke kumtazama, maana ukigeuza kichwa baiskeli hufuata. Endelea na mstari wako mpaka upate upana, kisha sogea. Huna deni la kujirusha vichakani, lakini pia huna sababu ya kumzuia anayewania nafasi ambayo wewe huiwanii.

Chakula ni kifupi. Usiku wa kabla, wali au matoke, vile ulivyozoea. Asubuhi, saa mbili na nusu kabla ya filimbi, chapati moja na ndizi mbivu mbili na chai. Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai ndani) yenye mayai matatu na mafuta yanayochuruzika iache kwa ajili ya baadaye, niliwahi kuijaribu na ikanikumbusha kila kilima. Njiani, chupa moja ya nusu lita kwa saa ikiwa na sukari vijiko vinane vya chai na chumvi kidogo. Kunywa kwenye zile sehemu pana tu, na mapema, kwa sababu mzunguko wa kwanza hakuna anayesikia kiu. Pasha mwili moto dakika 20 na uweke mikimbio miwili mitatu ya dakika moja. Na kwa kuwa mbio zetu hazijawahi kuanza kwa wakati, usisimame kwenye mstari ukapoa. Zunguka palepale mpaka waite majina.

Jumapili ile jioni niliosha baiskeli kwa ndoo na mswaki wa zamani wa mtoto. Tope la Mabira likikauka hushika kama saruji, usiliache likae hadi Jumatatu. Maji usiyapige kwa nguvu kwenye beringi, yatasukuma mchanga ndani. Nilipofika kwenye pedi za nyuma nikakuta zimebaki karatasi. Baba akapiga simu.

"Umekuwa wa ngapi?"

"Wa 31."

"Mlikuwa wangapi?"

"Arobaini na wanne."

Akanyamaza kidogo, nikamsikia anamwambia mtu pembeni jambo fulani kwa Kisamia, wote wakacheka. Hakuniambia ni nini, akahamia habari za mbuzi.

Pedi nimeagiza, ziko njiani. Gundi nimenunua chupa mbili, na kwenye kalenda ya ukutani nimeandika tarehe ya kuitikisa tairi. Mbio zinazofuata ni za Aprili, katikati ya mvua kamili, na kona ya kwanza nimeambiwa inakata kushoto.